Sauti Zilizokatika: Kuokoa Kaseti na Rekodi za Simu Tulizotoka Nazo Konyo Konyo

(Hotuba ya walimu iliyosomwa mbele ya Jumuiya, Kakuma, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati ilipotuita sisi walimu tuseme neno katika siku hii, tulidhani tutapewa mada ya elimu kama ilivyo desturi. Badala yake tulipewa sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kaseti 41 na simu saba za zamani, vyote vimeletwa na wakazi wa kambi hii, na vyote vina ugonjwa. Kuna kaseti zilizovunjika ganda, kuna zilizomezwa na redio zikatolewa kwa kisu, na nne zililoa maji siku ambayo laga ya Tarach ilifurika. Simu tatu kati ya zile saba zilizimika chaji katikati ya kurekodi, na mpaka leo ukiifungua ile rekodi simu inakuambia kwamba faili imeharibika.

Tunajua wapo wanaojiuliza: mgao wa chakula umepunguzwa mara ngapi, nao walimu wanatuletea habari za kaseti? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mgao ukipunguzwa leo unaweza kuongezwa kesho, bali utepe ukishaoza hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Tena nyingi ya kaseti hizi hazina nakala popote.

Wengi walioleta vitu hivi ni watu wa Juba, na wengi kati yao walikaa au walifanya biashara Konyo Konyo. Kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika ambao hawakufika huko, tuseme kwa ufupi. Konyo Konyo ni soko la zamani la Juba, upande wa Malakia na Kator, si mbali na Mto Nile. Ukisimama hapo asubuhi utasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kiacholi, Kilingala na Kiswahili kabla hujamaliza kununua samaki mkavu. Baada ya Mkataba wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005 wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Kongo walimiminika hapo, na Kiswahili kikapata nguvu. Ndiyo maana baadhi yetu tulifika hapa Kenya tayari tunajua kupatana bei kwa Kiswahili, ingawa ngeli za majina tulikuja kufundishwa chuoni kwa taabu.

Katika soko kama lile kaseti ilikuwa bidhaa, lakini pia ilikuwa barua. Mtu asiyejua kusoma alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaanza kusalimu: fulani, mwana wa fulani, ng'ombe wako hali zao ni hivi, mama yako amefariki, dada yako ameolewa. Kaseti ikafungwa kwenye kitambaa ikapewa dereva wa lori. Vijana waliofika Kakuma mwaka 1992 kwa miguu, na wale waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000 na 2001, wengi wao walisikia sauti za nyumbani kwa njia hiyo. Karatasi ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na nafasi ya habari chache za familia. Kaseti ilikuwa na dakika 60, na mwimbaji aliweza kuimba ukoo mzima.

Tena kuna jambo la majina yaliyoandikwa juu. Wakati wa vita vya 1983 hadi 2005 Juba ilikuwa mji wa ngome, mikononi mwa serikali ya Khartoum. Redio SPLA ilikuwa ikitangaza kutoka ardhi ya Ethiopia tangu mwaka 1984, mpaka utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991. Wazee wanatusimulia kwamba aliyenasa matangazo yale hakuandika juu ya kaseti “Redio SPLA”. Aliandika jina la mwanamuziki wa Kongo, akaiweka katikati ya kaseti za dansi. Kwa hiyo basi, ndugu wasikilizaji, msitupe kaseti kwa sababu juu yake pameandikwa Franco. Anayeongea humo huenda ni babu yenu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana wengi wenu mmetuuliza: kitu kilichovunjika hivi kitaponaje?

Kwanza fahamuni sauti inakaa wapi. Ule utepe wa kahawia ni ukanda wa plastiki, upana wake si zaidi ya milimita 4, na juu yake umepakwa unga wa chuma kama kutu, ukashikwa kwa gundi. Sauti imeandikwa kwa sumaku ndani ya ile kutu. Ganda, skrubu na vigurudumu ni nyumba tu. Nyumba ikianguka, mwenye nyumba anaweza kuwa mzima. Hata utepe ukikatika, sehemu inayopotea ni ile iliyokatika au kuvutika, na katika kaseti sentimita 5 hazifiki sekunde moja na nusu. Mzee mmoja alitupa kaseti miaka mingi iliyopita kwa sababu utepe ulikatika mahali pamoja. Alipotusikia tukieleza hesabu hii alinyamaza muda mrefu.

Ganda likivunjika, tunatafuta kaseti nyingine isiyo na thamani, ya aina iliyofungwa kwa skrubu tano, tunaitoa matumbo na kuuhamishia humo utepe wetu. Kama ganda la zamani limegundishwa halina skrubu, linapasuliwa polepole kwenye kiungo chake, na hiyo si kazi ya mtu mwenye haraka. Ndani kuna kijisponji kidogo juu ya kibati chembamba, kinachousukuma utepe ukutane na hedi ya redio. Kikidondoka, sauti husikika mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta, na watu hudhani rekodi imekufa. Ni kijisponji tu.

Utepe uliokatika unaunganishwa kwa gundi-karatasi maalumu ya tepu, upande wa ndani usiogusa hedi. Tunawaombeni sana msitumie selotepu ya dukani. Katika joto letu la Turkana gundi yake huyeyuka na kutambaa, ikaunganisha mzunguko mmoja na ule wa juu yake, na siku ya kuicheza inang'oa ile kutu pamoja na sauti. Katika lile sanduku kaseti tatu zilikuwa na selotepu, na hizo ndizo zilizotusumbua kuliko hata zile za mafuriko.

Za mafuriko zina adabu yake. Kaseti iliyoloa isichezwe ikiwa na maji, wala isianikwe juani juu ya bati. Matope yanasuuzwa kwa maji safi, utepe unaachwa kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa, ndipo unazungushwa taratibu mbele na nyuma bila kuchezwa. Ikiwa na ukungu mweupe, funika pua na mdomo, fanya kazi nje, maana ukungu ule unaingia kifuani. Baadhi ya vijana wamesikia kwamba tepu za zamani huokwa kwenye joto la nyuzi 50 na kitu ili zichezeke. Ni kweli kwa aina fulani za tepu kubwa za redio na studio, ambazo gundi yake hunyonya unyevu ikawa inanata. Kaseti zetu ndogo kwa kawaida hazina ugonjwa huo. Tafadhali mtu asiweke kaseti ya bibi yake kwenye jiko.

Kabla ya kucheza chochote tunavunja vile vijino viwili vya mgongoni, ili hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya redio ikatae kurekodi. Hii ni hatua ya nusu dakika, nayo ni muhimu kuliko zote, kwa maana kilichorekodiwa juu yake chenyewe kimekwenda na hatuna dawa. Kisha hedi inasafishwa kwa pamba na spiriti safi isiyo na mafuta. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Redio iliyorekodi Juba na redio iliyopo hapa hazikuinamisha hedi zao sawasawa, basi tunaigeuza ile skrubu kidogo kidogo huku tukisikiliza, mpaka zile s na sh za mnenaji zitoke wazi. Fundi wa redio wa Konyo Konyo alikuwa akifanya hivyo bila kujua jina la kazi hiyo kwa Kizungu, na aliifanya vizuri kutushinda sisi.

Halafu kaseti inachezwa mara moja, waya umeingia kwenye kompyuta. Tunatumia programu ya Audacity ambayo hailipiwi. Tunarekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, katika faili la WAV na si MP3, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi. Kaseti ya dakika 60 ya mono inachukua kama megabaiti 520. Nakala ziwe tatu, na moja kati yake isikae kambini. Hapa tuna vumbi, moto na mafuriko. Sisi wenyewe pia hatujui mwaka ujao tutakuwa wapi.

Simu ni habari nyingine. Simu nyingi zikirekodi, zinaandika sauti kwanza, na ile orodha inayoeleza sauti ipo wapi zinaiandika mwisho, pale unapobonyeza kuzima. Chaji ikiisha kabla ya hapo, unabaki na kitabu ambacho kurasa zote zipo lakini hakikushonwa wala kuwekewa namba. Simu haijui ianzie wapi, inasema kimeharibika. Dawa yake ni kuchukua rekodi nyingine nzima iliyofanywa na simu ile ile, na kuna programu inayotazama ile nzima ikaijengea ile mbovu orodha mpya. Kati ya zile tatu, mbili zimerudi. Ya tatu mwenye simu aliendelea kupiga picha katika memori kadi ile ile kwa miezi mingi, na picha zimekaa juu ya sauti. Kwa hiyo ukipoteza au kufuta rekodi kwa bahati mbaya, acha kuitumia simu saa ile ile, toa kadi, funga kwenye karatasi, ulete. Kinachofutwa hakiondoki papo hapo. Nafasi yake ndiyo inayotangazwa kuwa wazi, naye wa kwanza kuingia ndiye anayebomoa.

Hadi hapa ni ufundi. Sasa yapo mambo ambayo bisibisi haiwezi kuyatatua, na juu ya haya tulibishana katika Kamati hadi usiku.

La kwanza ni usafi. Vijana wanaojua kompyuta wanapenda kuondoa kelele, na ni kweli zipo programu za kuondoa mvumo wa redio. Lakini ukiisafisha sana, sauti ya mzee inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na herufi nyepesi zinakufa. Katika lugha kama Kidinka na Kibari, ambamo mpandisho na mshusho wa sauti hubadilisha maana ya neno, kuharibu kidogo ni kuharibu maana. Tena kelele yenyewe ni habari. Katika kaseti moja nyuma ya msemaji inasikika adhana, jenereta na mwanamke anayeita bei ya bamia. Binti wa msemaji alitambua kwa kelele hizo kwamba baba yake alirekodi akiwa kibandani kwake sokoni, siyo nyumbani kama walivyodhani. Kwa hiyo tumeamua: nakala ya kwanza haiguswi hata kidogo. Anayetaka iliyosafishwa asafishe nakala ya nakala.

La pili ni kumalizia. Zipo rekodi ambazo hazikuharibika, ila hazikwisha. Mzee anahesabu ukoo, amefika kizazi cha saba, kitufe kinaruka, upande wa kaseti umekwisha, na upande wa pili kuna muziki. Familia ilituomba tumtafute mtu mwenye sauti inayofanana amalizie. Na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu aliyekufa zikamsemesha asiyoyasema. Tulikataa. Ndugu zake wanaojua vizazi vilivyobaki tutawarekodi kwa sauti zao wenyewe na majina yao wenyewe, katika faili lao, na katika ile ya mzee tutaandika: “Hapa utepe ulikwisha.” Mjukuu wake ana haki ya kujua babu alifikia wapi, na mwingine alianzia wapi.

La tatu ndilo zito. Katika kaseti zile mna moja ambayo vijana waliomba tuicheze leo kwenye kipaza sauti, kwa sababu inaanza na nyimbo nzuri za harusi. Tuliisikiliza mpaka mwisho. Baada ya dakika kama 20 nyimbo zinageuka. Zinakuwa za vita, zinataja kwa majina watu waliouawa, na zinawatukana watu ambao watoto wao wanasoma darasa moja na watoto wa mwimbaji, hapa hapa kambini. Sisi tuliokimbia Juba baada ya tarehe 15 Desemba 2013, na wale waliokimbia Julai 2016, hatuhitaji kuelezwa wimbo unaweza kufanya nini.

Baadhi ya wajumbe walisema ile nusu ya pili ifutwe. Hoja yao si ya kipuuzi, kwani watu wamekufa kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini sisi walimu tulisimama upande wa pili, na bado tumesimama hapo. Ndani ya wimbo ule mna majina ya waliouawa, na kwa baadhi yao huenda hakuna mahali pengine yalipohifadhiwa. Anayefuta matusi atafuta na ushahidi. Tulichopendekeza, na Kamati ikakubali kwa kura chache, ni hiki: rekodi iokolewe nzima, ifungwe, isichezwe hadharani wala isitumwe kwa simu, na isikilizwe kwanza na wazee wawili wa kila upande wakiwa wamekaa pamoja. Wao ndio watakaosema nani aisikie na lini. Wakisema miaka 30, tutangoja miaka 30.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunawaeleza haya kwa sababu mtaombwa na watu wa ofisi zenu, na wageni wenye kamera, muwape nakala. Tafadhali waambieni kwamba kila rekodi ina mwenyewe. Historia ya rekodi za Afrika imejaa sauti zilizochukuliwa na mwenye sauti hakuziona tena. Klaus Wachsmann alirekodi muziki mwingi Uganda katika miaka ya 1940 na 1950, rekodi zikakaa London, na nakala zilirudi Chuo Kikuu cha Makerere baada ya zaidi ya nusu karne. Tunashukuru kwamba zilirudi, na tunakiri kwamba kama zisingehifadhiwa huko huenda zisingekuwapo. Vivyo hivyo nyimbo za Wadinka ambazo kampuni ya Folkways ya New York ilizitoa katika sahani tatu mwaka 1976: zipo hadi leo, kwa kuwa taasisi ya Smithsonian iliichukua Folkways mwaka 1987 ikazitunza. Hatupingi kuhifadhi ugenini. Tunachotaka ni nakala ibaki na mwenyewe, na jina lake liandikwe.

Wala tusidhani kwamba jengo kubwa ni kinga. Redio Omdurman ilianza mwaka 1940, na maktaba yake ya tepu ilikuwa na sauti za Sudan yote, pamoja na kusini kwetu. Vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, jengo la Redio na Televisheni lilitekwa na wapiganaji, na jeshi halikulirudisha mpaka Machi 2024. Kwa miezi ile yote waliofanya kazi humo maisha yao yote hawakujua kama kuna tepu iliyosalia. Nchi nzima ilitegemea jengo moja.

Kwa hiyo maombi yetu ni madogo, tunayataja mbele ya wageni ili yaandikwe. Tunaomba saa nne za umeme wa sola kwa wiki katika chumba cha walimu, katika saa za asubuhi kabla ya joto. Tunaomba diski mbili za kuhifadhia, na sanduku moja la chuma linalofungika, lisiwekwe karibu na spika, maana ndani ya spika mna sumaku. Na kama kuna shirika lenye redio kaseti ya zamani iliyowekwa stoo kama takataka, hata kama haiimbi, tuleteeni tuifufue. Mashine hizi zinaadimika kuliko kaseti zenyewe.

Kwa wakazi: tutapokea kaseti na simu kila Jumamosi asubuhi, kuanzia wiki ijayo, katika darasa lililo karibu na kisima. Leteni kaseti kama ilivyo, msiirudishe mbele wala nyuma kwa kalamu, msijaribu “kuisikiliza kidogo tu”. Kila moja itaandikwa daftarini: jina la aliyeleta, jina la anayeongea kama linajulikana, lugha, na mahali iliporekodiwa. Mwenye kaseti ataondoka na karatasi yenye namba, na kaseti yake atarudishiwa hata kama haikupona. Akina mama wanaotaka kusikiliza faragha watapewa nafasi yao na mwalimu wa kike. Zile nne za mafuriko bado zinakauka. Wenyewe wasije kuziulizia kabla ya mwisho wa mwezi.